Kikohozi cha Chumba cha Nne

Kuta za nyumba yetu, Ngamiani, hazifiki darini.
Juu pana uwazi wa dhiraa moja,
na humo hupita harufu ya samaki, ugomvi, redio
na vikohozi.

Mwaka wa tisa huu, nawajua wapangaji kwa vifua vyao.
Mwalimu Mhina hukohoa kavu, mara mbili,
kama mtu abishaye hodi asitake kufunguliwa.
Mtoto wa Zaituna kimejaa maji,
kinatokota kama chungu cha kunde.
Binti wa chumba cha pili hukohoa mchumba akipita dirishani;
hicho tunakijua, hakina mzizi wala jani.

Mzee Shekiondo, chumba cha nne, kifua kinakwaruza.
Miaka ishirini na miwili alipiga brashi mkonge,
vumbi likimkaa kwenye nyusi.
“Saa kumi tulitoka wazee sote,” husema,
“tukaoga, tukawa vijana.
Siku moja nikaoga, uzee haukutoka.”

Mama aliniambia: usikimbilie kukinyamazisha.
Kikohozi ni mfagizi. Ukimpokonya ufagio
taka zitalala ndani.
Kiulize kwanza.
Kikavu, au kina makohozi?
Chaja usiku, au alfajiri?
Kina siku ngapi hapa mjini?

Kikavu, nakipa asali ya Handeni, kijiko,
na limau, na maji yasiyounguza ulimi.
Kizito, natwanga tangawizi na ganda lake,
nachuma mchaichai ule wa pembeni mwa bomba,
iliki mbili za Amani,
ichemke mpaka kifuniko kicheze.
Lakini mtoto wa Zaituna hajatimiza mwaka:
asali asionje, hata bibi yake aape kwa Mungu.
Yeye ni titi, na titi, na akipumua mbiombio
mbavu zikiingia ndani, ni kubebwa mbio hospitali
bila kungoja kanga ikauke.

Kila usiku nilimpitishia mzee kikombe dirishani.
“Imeshuka,” alisema. “Imeshuka, mwanangu.”
Nami nikalala na sifa zangu.

Wiki ya kwanza, imeshuka.
Ya pili, imeshuka.
Shati lake likaanza kumvaa yeye.

Ya tatu, kabla ya adhana, nikamkuta bombani
anafua leso,
yeye ambaye hajui hata soksi inavyofuliwa.
Maji yaliyokwenda mtaroni hayakuwa meupe.
Akanitazama. Nikatazama mchaichai.

Asubuhi hiyo sikuchemsha kitu.
Nikamwambia: “Leo hakuna tangawizi. Leo Bombo.”
Akasema nauli hana. Nikasema ninayo.
Akasema kanzu haijapigwa pasi.
Nikasema daktari hasikilizi kanzu.

Alibeba kikopo cha makohozi ndani ya kofia,
kama mwizi wa yai.

Basi nasi tukaitwa, nyumba nzima,
kila mtu akapimwa kwa zamu yake.
Mwalimu Mhina akabisha hodi zake mbili:
akaonekana ni chaki tu.
Mwenye nyumba, ambaye hajawahi kutengeneza kitu,
akatuma fundi kupanua madirisha.

Miezi sita, vidonge kila siku, asiruke hata mmoja.
Nahesabu naye, kalenda iko nyuma ya mlango.
Kikombe bado nakipitisha.
“Hii ni dawa?” aliniuliza juzi.
Hapana, mzee. Hii ni chai. Dawa umeshameza.
Hii ni ya kuteremshia habari za mchana.

Wasemao kikohozi hakifichiki
hawajalala karibu na mtu mwenye haya.
Kinafichika kwenye leso, kwenye mto,
kwenye kikombe changu pia kilifichika,
nami nikakitilia asali.

Jana usiku, juu ya ukuta, ilipita harufu ya samaki,
redio, Zaituna akibembeleza,
na kutoka chumba cha nne, mkoromo
mnene, wa mtu aliyeshiba.

Kwa mkoromo sina jani.
Nilivuta shuka, nikausikiliza.